Imamu al-Khalil bin Ahmad: Mwana wa Oman Aliyehesabu Yanayowezekana



Ukipita Nyamugari jioni baada ya swala ya alasiri, utawasikia watoto wa madrasa wakisoma herufi kwa sauti moja: fataha, kasra, dhuma, shada. Ndivyo ilivyo Gitega, ndivyo ilivyo Muyinga, na ndivyo ilivyo Buyenzi, Ujiji na Unguja. Watoto hao hawajui, na wengi wetu tuliofika chuo kikuu hatujui vilevile, kwamba alama hizo ndogo, kwa umbo tunalolisoma leo, zinanasibishwa na mtu mmoja. Kabla yake msahafu uliwekewa nukta za rangi kufuata njia ya Abu al-Aswad al-Du'ali. Yeye akachukua wau ndogo ikawa dhuma, alifu iliyolazwa ikawa fataha, akaitoa kasra kwenye yee, shada kwenye kichwa cha shini, na hamza kwenye kichwa cha aini. Mtu huyo ni Imamu al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, Allah amrehemu.

Lakini sikukusudia kuandika juu ya irabu. Nimekusudia jambo jingine alilolifanya mtu huyohuyo, ambalo wanafunzi wa masomo ya dini huwa tunalikimbia: hesabu ya uwezekano. Tunaikimbia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tunaiona ngumu, hasa pale namba zinapoondoka na kuachia nafasi herufi za aljebra. Ya pili ni kwamba tumesikia kuwa ni elimu ya wacheza kamari. Neno hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa dau la mchezo wa bahati uliokatizwa kabla haujaisha, na vitabu vingi vya hesabu huanzia hapo kusimulia historia ya uwezekano. Mwanafunzi Mwislamu akisoma hivyo hujiuliza kama elimu hii inamhusu.

Inamhusu. Kuhesabu yanayowezekana, ambako ndiko msingi wa uwezekano wote, kulifanyika Basra karibu miaka 900 kabla ya barua zile. Hakukufanyika mezani pa kamari, kulifanyika katika kuitumikia lugha ya Qur'ani. Tuyaangalie maisha ya aliyekufanya.

Kuzaliwa na masomo yake

Al-Khalil alizaliwa karibu mwaka 100 H, sawa na 718 M hivi. Wengi wanasema alizaliwa Oman, katika kabila la Azd, tawi la Farahid, kisha akahamia Basra akiwa bado mdogo. Hapa sisi watu wa Afrika Mashariki tuna haki ya kusimama kidogo, kwa kuwa Oman si nchi ya mbali kwetu. Pepo zilizoleta majahazi Unguja, Mombasa na Lamu zilileta pia watu wa Oman, na kutoka pwani lugha ya Kiswahili ikapanda na misafara ya biashara mpaka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika huku kwetu. Wasimulizi wanasema pia kuwa baba yake ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupewa jina la Ahmad baada ya Mtume wetu (S.A.W.).

Basra ya wakati ule ulikuwa mji wa bandari, wa jeshi, wa soko na wa elimu. Waarabu wa jangwani walikuja kuuza ngamia, na wanachuoni wakawangojea ili wasikilize namna wanavyosema. Waajemi, Wahindi na watu wa makabila mengi walikuwa wanasilimu na kujifunza Kiarabu ukubwani, na makosa yakaanza kuingia katika usomaji. Hofu ya maulamaa ilikuwa moja: lugha ikiharibika, ufahamu wa Qur'ani na Sunna utaharibika nayo. Al-Khalil alisoma kwa wakubwa wa mji huo, wakiwemo Abu Amr bin al-Ala, ambaye ni mmoja wa maimamu saba wa visomo vya Qur'ani, Isa bin Umar katika nahau, na Ayyub al-Sakhtiyani katika hadithi.

Mkate mkavu

Aliishi katika kibanda cha matete. Mwanafunzi wake al-Nadr bin Shumayl alisimulia kwamba mwalimu wao alikaa katika kibanda hicho cha Basra akiwa hana hata sarafu mbili, ilhali wanafunzi wake walikuwa wakichuma mali kwa elimu waliyoichota kwake.

Kisa mashuhuri ni kile cha gavana aliyeitwa Sulayman. Alimtuma mjumbe kumwita al-Khalil aende akamfundishe mwanawe. Al-Khalil akamtolea mjumbe kipande cha mkate mkavu, akamweleza kwamba maadamu anacho hicho, hana haja na gavana. Gavana akakasirika akamkatia posho aliyokuwa akimpa. Al-Khalil hakutetereka. Aliona kwamba aliyemuumba na kinywa ndiye mwenye kumruzuku, na gavana ni mlango mmoja tu katika milango mingi.

Ndugu msomaji, kiweke akilini kipande hicho cha mkate. Tutakihitaji tutakapofika mwisho wa maisha yake.

Nyundo za wafua shaba

Inasimuliwa kwamba al-Khalil alipokwenda Makka kuhiji alimwomba Allah ampe elimu ambayo hakuna aliyemtangulia kwayo. Aliporudi Basra akafunguliwa elimu ya arudhi, yaani elimu ya mizani ya mashairi ya Kiarabu. Wengine wanasimulia kwamba alikuwa akipita soko la wafua shaba, akasikia nyundo zikigonga kwa mpangilio, pigo zito na pigo jepesi, akatambua kuwa hata ubeti una mapigo yake.

Aliyakusanya mashairi ya Waarabu akayapata yanakwenda kwa mizani 15, zinazoitwa bahari. Al-Akhfash ndiye anayetajwa kuongeza ya 16. Tunaposema leo kwamba shairi fulani la Kiswahili liko katika bahari fulani, tunatumia neno la elimu hiyo.

Lakini angalia njia aliyoipita, maana ndiyo ufunguo wa habari yetu. Al-Khalil hakuorodhesha mizani moja moja kama mtu anayehesabu mbuzi zizini. Aliziweka katika duara tano. Mapigo ya mizani moja ukiyaandika kuzunguka duara, kisha ukaanza kusoma mahali pengine pa duara hiyohiyo, unapata mizani nyingine. Duara ya kwanza inatoa mizani tano. Waarabu walitumia tatu katika hizo, nazo ni tawili, madidi na basiti. Mbili hawakuzitumia. Al-Khalil akazitenganisha kwa majina mawili: iliyotumika na iliyoachwa.

Basi mwanzo alihesabu yote yanayowezekana, halafu akauliza ni mangapi katika hayo yapo kweli. Tatu katika tano. Mwanafunzi wa hesabu ataliona hapo umbo analolijua: juu, idadi ya yanayotakiwa, chini, idadi ya yote yanayowezekana.

Kitabu kilichoanza na aini

Njia hiyohiyo aliipeleka kwenye kazi kubwa zaidi. Alitaka kamusi itakayokusanya maneno yote ya Kiarabu bila kuacha hata moja. Mtu atajuaje kwamba hakuacha? Ukikusanya maneno sokoni na jangwani kwa miaka 30, bado huwezi kuapa kwamba umemaliza. Jawabu la al-Khalil lilikuwa hili: tusianze na maneno, tuanze na herufi. Herufi zinahesabika. Tukihesabu kila mpangilio unaoweza kufanywa kwa herufi hizo, kila neno la asili litakuwa ndani ya hesabu yetu, hata lile ambalo hatujalisikia.

Alizipanga herufi kwa mahali zinapotokea, kuanzia ndani ya koo mpaka midomoni, na akaanza na aini. Kwa hiyo kitabu kikaitwa Kitab al-Ayn, nacho ndicho kamusi ya kwanza ya Kiarabu. Maulamaa wamehitilafiana juu ya kiasi gani aliandika kwa mkono wake na kiasi gani alikamilisha mwanafunzi wake al-Layth bin al-Muzaffar, ila mpango wa kitabu wanaunasibisha na al-Khalil.

Sasa tuifanye hesabu yake. Herufi ni 28. Ukitaka mpangilio wa herufi mbili zisizojirudia, ya kwanza una chaguo 28, ya pili zimebaki 27. Kwa hiyo 28 mara 27 ni 756. Za tatu, zidisha kwa 26, unapata 19,656. Za nne, zidisha kwa 25, unapata 491,400. Za tano, zidisha kwa 24, unapata 11,793,600. Jumlisha zote nne: 12,305,412. Hiyo ndiyo idadi iliyopokewa kutoka kwa al-Khalil na kuhifadhiwa katika vitabu vya lugha, kikiwemo kile cha Imamu al-Suyuti kiitwacho al-Muzhir. Chukua kalamu uhakikishe mwenyewe.

Aljebra inaingia wapi? Inaingia pale tunapotaka kusema hesabu hiyo mara moja kwa lugha yoyote, si kwa Kiarabu peke yake. Tuite idadi ya herufi n. Mipangilio ya herufi mbili ni n(n − 1). Ya herufi tatu ni n(n − 1)(n − 2). Al-Khalil hakuandika hivi, kwa kuwa alama hizi zilikuja karne nyingi baada yake. Hata kitabu cha al-jabr cha al-Khwarizmi kiliandikwa Baghdad karibu mwaka 820, miongo kadhaa baada ya kifo cha al-Khalil, nacho kilieleza kila kitu kwa maneno, kikimwita asiyejulikana kwa jina la kitu, na sehemu yake kubwa ni hesabu za mirathi. Hata hivyo fikra ya al-Khalil ni hiyo inayobebwa na n: kila unapochagua moja, zinabaki pungufu ya moja.

Elimu na amali

Tuchukue mfano mdogo. Andika aini, lamu na mimu katika vikaratasi vitatu, uvitie kofiani. Uvichomoe kimoja kimoja bila kuangalia, uvipange kwa jinsi vilivyotoka. Mipangilio ni 3 mara 2 mara 1, yaani 6. Al-Khalil katika kamusi yake aliiweka mipangilio yote sita mahali pamoja, akaonyesha upi umetumika na upi umeachwa. Mpangilio wa aini, lamu, mimu unatoa elimu. Mpangilio wa aini, mimu, lamu unatoa amali. Maneno yote mawili tunayo katika Kiswahili, na yametoka katika herufi zilezile tatu.

Uwezekano wa kuchomoa elimu ni 1 katika 6. Uwezekano wa kuchomoa elimu au amali ni 2 katika 6, yaani theluthi moja. Kama hujui ni mipangilio mingapi kati ya sita inayotumika, iite x. Uwezekano wa kupata iliyotumika ni x/6, na uwezekano wa kupata iliyoachwa ni 1 − x/6. Ukijumlisha hizo mbili unapata 1, kwa sababu kila mpangilio ama umetumika ama umeachwa, hakuna mlango wa tatu.

Na swali la mtihani linalotutisha si zaidi ya hilo. Tuseme mwalimu ametia mfukoni vikaratasi 5 vya herufi za koo kwa mpango wa al-Khalil (aini, haa, hee, khee na ghaini) pamoja na vikaratasi vingine ambavyo hakutaja idadi yake. Amesema tu kwamba uwezekano wa kuchomoa herufi ya koo ni robo. Vile vingine viite x. Vyote kwa pamoja ni 5 + x. Kwa hiyo 5 gawanya kwa 5 + x ni sawa na robo, maana yake 5 + x ni 20, na x ni 15. Umemaliza. Herufi x haikuja kukutisha, imekuja kukushikia nafasi ya kile usichokijua mpaka ukijue.

Kuikamata ghushi

Sasa tufike mahali ambapo hesabu hii ilikuwa na kazi ya kweli. Wakati wa al-Khalil walikuwepo watu hodari wa lugha waliobuni maneno, wakayatia katika mazungumzo na mashairi wakidai ni ya Waarabu wa kale, ama kwa kujionyesha ama kwa kuwababaisha wenzao. Neno la uongo likiingia katika kamusi, kesho litatumiwa kufasiri aya au hadithi. Utalijuaje la uongo ilhali hakuna anayelijua?

Al-Khalil aliona kwamba herufi sita ni nyepesi ulimini na midomoni: raa, lamu, nuni, faa, baa na mimu. Akaona pia kwamba neno la asili la herufi nne au tano halikosi angalau moja ya hizo, isipokuwa machache yanayohesabika ya herufi nne, kama asjad lenye maana ya dhahabu. Neno la herufi tano lisilo na hata moja kati ya hizo sita alilihukumu kuwa ni geni au ni la kubuni.

Je, hiyo haiwezi kuwa bahati tu? Tupime. Mipangilio yote ya herufi tano ni n(n − 1)(n − 2)(n − 3)(n − 4), na n ni 28. Ukiziondoa zile sita, zinabaki n − 6, yaani 22. Mipangilio isiyo na hata moja kati ya zile sita ni 22 mara 21 mara 20 mara 19 mara 18, ambayo ni 3,160,080. Igawanye kwa 11,793,600. Unapata kama 27 katika kila 100. Maana yake, kama maneno ya Kiarabu yangetoka kofiani kama vikaratasi, kila maneno 100 ya herufi tano, takriban 27 yangekosa herufi hizo. Al-Khalil hakupata hata moja. Hiyo si bahati, ni kanuni ya lugha. Na anayekuja na neno linalovunja kanuni hiyo, ni juu yake kuleta ushahidi.

Sehemu hizo za mia tumezipiga sisi, al-Khalil hakuziandika. Tusimvike kilemba kisicho chake. Alichotuachia ni namba ya chini, ile idadi ya yote yanayowezekana, na tabia ya kupima kilichopo kwa kulinganisha na ambacho kingekuwepo. Asiyeijua namba ya chini hawezi kusema kama jambo ni la ajabu au la kawaida.

Barua ya mfalme wa Wayunani

Wasimulizi wanamtaja pia katika kufumbua maandishi ya siri. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Wayunani alimwandikia barua kwa lugha ya Kiyunani, naye akakaa nayo mwezi mzima mpaka akaifahamu. Alipoulizwa alifanyaje, alieleza kwamba alikisia barua kama hiyo lazima ifunguliwe kwa jina la Mungu au neno linalofanana na hilo. Akazijenga herufi za mwanzo juu ya makisio hayo, kisha zilizobaki zikanyooka zenyewe. Inasemekana baada ya hapo aliandika kitabu juu ya mafumbo.

Hapo pia yupo mtu anayepima. Maneno yanayoweza kufungua barua ni mengi mno, lakini hayalingani kwa uwezekano. Akaanza na lile lililo karibu zaidi kuwa kweli, akalijaribu, likakubali. Katika karne iliyofuata al-Kindi wa Baghdad aliiendeleza njia hiyo kwa kuhesabu ni herufi gani hurudi mara nyingi zaidi katika maandishi.

Nguzo ya msikiti

Wanafunzi wake walikuwa wakubwa. Sibawayh, Mwajemi aliyeandika al-Kitab, kitabu mama cha nahau, alichota kwake mpaka maulamaa wakasema kwamba Sibawayh anapotaja kuwa alimuuliza mtu bila ya kumtaja jina, anamkusudia al-Khalil. Al-Asma'i naye alisoma kwake. Yeye mwenyewe alibaki katika kibanda chake.

Alifariki Basra kati ya mwaka 170 na 175 H, yaani kati ya 786 na 791 M. Sababu ya kifo chake inasimuliwa hivi. Alikuwa akifikiria njia nyepesi ya hesabu ambayo kijakazi akitumwa dukani ataweza kuitumia, ili muuza duka asiweze kumpunja. Akaingia msikitini akili yote ikiwa katika hesabu hiyo, akajigonga kwenye nguzo asiyoiona, akaanguka chali, na hilo likawa sababu ya mauti yake. Wengine wanasema alikuwa akipima ubeti wa shairi. Mimi nimeshikamana na riwaya ya kwanza, nayo imo katika kitabu cha wasifu cha Ibn Khallikan.

Ukumbuke sasa ule mkate mkavu. Mtu aliyekataa kwenda kumfundisha mtoto wa gavana alimaliza umri wake akitafuta hesabu ya kumlinda kijakazi mbele ya muuza duka. Wenye akili kubwa wengi huitumia kupanda juu, yeye aliielekeza chini, kwa yule asiyejua kuhesabu.

Mazingatio kwetu

Hapa Nyamugari kila siku watoto hutumwa dukani na faranga mkononi, na wapo wanaorudi na chenji pungufu. Lakini wapo wanaopunjwa zaidi yao, nao ni watu wazima, na wengine wanasoma pamoja nasi. Nawazungumzia wenzetu wanaopeleka pesa za matumizi kwenye kubeti mpira.

Tufanye hesabu moja kwa mfano tu. Mtu anabashiri mechi tano. Kila mechi ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa, sare. Akibahatisha tu, uwezekano wa kupata zote ni theluthi mara theluthi, mara tano, yaani 1 katika 243. Tuseme anatoa faranga 1,000, akipatia ataambiwa achukue faranga 100,000. Tuite uwezekano p, zawadi z na pesa aliyotoa t. Kwa wastani kila tiketi inamletea pz − t. Hapa pz ni 100,000 gawanya kwa 243, sawa na faranga 411 hivi. Toa 1,000, inakuwa hasara ya faranga 589 hivi kwa kila tiketi. Mmoja atashinda na tutaonyeshwa picha yake ukutani. Wale wengine 242 hawapigwi picha.

Sisemi kwamba kamari ni haramu kwa sababu ya hesabu hiyo. Ni haramu kwa amri ya Allah katika Suratul Maida, na ingekuwa haramu hata kama mchezaji angepata faida kila siku. Ninachosema ni kwamba kijana aliyekwishaonywa kwa dini asipoujua ujanja wa anayemvuta ni rahisi kutegwa, na elimu hii ya uwezekano, ambayo sisi tunaiachia watu wa kamari, ndiyo inayoufichua ujanja huo kwa mstari mmoja wa aljebra. Al-Khalil angeliona swali hili, naamini angelitambua. Ni lilelile la kijakazi na muuza duka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dada yangu, ukikutana na n na x katika karatasi ya mtihani usizikimbie. Zihesabu kwa nia njema, kisha ukawafundishe wadogo zako, maana herufi za elimu na herufi za amali ni zilezile tatu.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu Imamu al-Khalil bin Ahmad, aiweke elimu yake katika mizani ya mema yake, na atujaalie sisi elimu yenye manufaa. Wallahu a'alam.

Wabillahi tawfiq.